Klabu Inajua Kuchagua Chipukizi? Tuhesabu Vizuri



Jumamosi asubuhi huwa nasaidia kufundisha watoto mpira hapa Castle Vale, mtaa uliojengwa miaka ya 1960 palipokuwa uwanja wa ndege. Juzi mtoto wetu mmoja, wazazi wake watu wa Mombasa, aliachwa na akademi ya klabu moja kubwa baada ya miaka mitatu. Baba yake akaniuliza: "Mwanangu, si unasoma takwimu wewe? Hebu niambie, hawa watu wanajua kuchagua kweli?"

Swali hilo ndilo somo letu.

Kwanza, tusihesabu nyota peke yao. Birmingham City walimlea Jude Bellingham tangu utotoni, akacheza kikosi cha kwanza Agosti 2019 akiwa na miaka 16, na 2020 wakamuuza Dortmund. Aston Villa walimlea Jack Grealish, wakamuuza Manchester City kwa pauni milioni 100 mwaka 2021. Si mchezo! Lakini hao ni waliofaulu. Ukiwatazama hao tu, ni kama kusema bahati nasibu inalipa kwa sababu unamjua jamaa aliyeshinda.

Lazima tuulize waliingia wangapi. Tuseme klabu ya kwanza imechukua watoto 100, wakafika wawili. Ya pili imechukua 30, wakafika wawili vilevile. Magazetini zote zina nyota wawili. Kwa hesabu, ya kwanza imepata asilimia 2, ya pili karibu asilimia 7.

Pili, tutofautishe kuchagua na kununua. Mbwana Samatta alitua Villa Januari 2020 akiwa na miaka 27, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Je, Villa wapewe alama za kuona kipaji? Hapana bwana. TP Mazembe ya Lubumbashi ndiyo iliyomchukua kutoka Simba mwaka 2011, kijana wa miaka 18, na 2015 wakabeba naye Ligi ya Mabingwa Afrika. Genk nao wakamchukua 2016. Villa walinunua kitu kilichokwisha kuiva.

Tatu, tuangalie mwezi wa kuzaliwa. Uingereza rika huanza Septemba 1. Aliyezaliwa Septemba anamzidi wa Agosti karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 9 huo ni urefu, mbio na nguvu. Utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba akademi zinajaa waliozaliwa mwanzoni mwa rika. Yaani kocha anadhani anachagua kipaji, kumbe anachagua kimo.

Nne, walioachwa wako wapi? Klabu inayowatafutia timu nyingine na kufuatilia masomo yao haiko sawa na ile inayotuma barua tu.

Mtoto wetu amezaliwa Julai. Nilimweleza baba yake hayo yote. Sikumwambia kwamba mwanawe atakuwa nyota, maana hesabu haisemi hivyo. Nilimwambia kuachwa akiwa na miaka 11 hakuthibitishi kwamba hajui mpira. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi hayo kamwambie mwenyewe. Mimi hanisikii."

Nitamwambia Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwenye nafasi aje, hasa anayeweza kufundisha hesabu baada ya mazoezi.