Ubao wa Kusimamia na Mawimbi ya Mchangani: Jinsi ya Kuchagua Kipimo Kifaacho

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo fupi la fizikia litakalowafaa wanafunzi, na wazazi pia. Nimechagua jambo ambalo vijana wetu hapa Malindi huniuliza mara kwa mara: mtu atajuaje ubao wa kusimamia unaomfaa, ikiwa ataka kupanda mawimbi yanayovunjika juu ya mchanga? Jibu limo katika mambo tunayosoma darasani, yaani ujazo, uzito na nguvu ya maji. Asiyeyajua hayo hupima kwa macho, na baharini kipimo cha macho huweza kumpotezea mtu fedha, au kumvunja mguu.

Kwanza natuelewane juu ya chombo chenyewe. Ubao wa kusimamia ni ubao mpana wa povu gumu lililofunikwa kwa faiba. Mtu husimama wima juu yake akapiga kafi upande huu na upande huu, kama mvuvi asimamavyo mtumbwini akisukuma kwa upondo. Chini, upande wa nyuma, una pezi moja au zaidi ili usiyumbe. Urefu wake hutajwa kwa futi, upana na unene kwa inchi, na ujazo kwa lita.

Pili, tujue bahari yetu. Kule Watamu, kusini mwetu, mwamba huyakata mawimbi mbali na pwani, na maji ya ndani ni shwari. Lakini ghuba ya Malindi iko wazi. Wakati wa kusi mawimbi huingia mpaka karibu na ufuko, yakavunjika juu ya mafungu ya mchanga. Mafungu hayo hayatulii mahali pamoja. Bahari huyahamisha, na mto Sabaki huleta mchanga na tope jipya. Basi wimbi la namna hii huwa fupi, husimama wima ghafula, na mara nyingi huanguka lote kwa pamoja.

Kuna kanuni moja ambayo yafaa kila mwanafunzi aikumbuke: wimbi huvunjika likifika penye maji ambayo kina chake ni kama mara 1.3 ya kimo cha wimbi. Kwa hiyo wimbi la meta 1 huvunjika penye maji ya meta 1.3, yaani maji ya kifuani tu. Mtu anayeanguka hapo ana mchanga karibu sana chini yake.

Watu wa Hawaii walilijua jambo hili tangu zamani, kabla ya mabaharia wa Ulaya kufika visiwani mwao mwaka 1778. Walikuwa na ubao mrefu ulioitwa olo, wa futi 15 na zaidi, uliotumiwa na wakuu wao juu ya mawimbi mapana yanayokwenda polepole. Tena walikuwa na ubao mfupi na mwembamba ulioitwa alaia, wa mawimbi yanayosimama wima na kuvunjika karibu na nchi kavu. Baadhi ya mbao hizo za kale zimehifadhiwa katika Bishop Museum mjini Honolulu. Wao hawakuuliza ni ubao gani ulio bora kuliko zote, bali ni ubao gani wa wimbi gani. Nasi tufuate njia hiyo.

1. Lita na kilo

Archimedes, mtaalamu wa mji wa Syracuse aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo, alitufundisha kwamba kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kinayoyaondoa. Lita 1 ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1 na gramu 25 hivi.

Tumchukue mwanafunzi wa kilo 60. Ubao wake una kilo 9, na kafi kilo 1. Jumla ni kilo 70. Tukigawanya 70 kwa 1.025 twapata lita 68. Ubao wa lita 68 utamwezesha kuelea, lakini wote utakuwa umezama hadi usawa wa maji. Mtu anayejifunza hawezi kusimama juu yake hata kidogo. Hana budi kuwa na lita za akiba.

Wenye uzoefu hufuata kipimo hiki, nami nimekiona kuwa cha kweli. Anayeanza kupanda mawimbi achukue lita mara 1.7 hadi 2 ya kilo zake. Aliyekwisha zoea achukue kama mara 1.5. Fundi hasa aweza kushuka hadi mara 1.2, ubao wake huzama kidogo akisimama pasipo mwendo, na huinuka tu akianza kwenda. Vijana humwona fundi huyo wakatamani ubao wake, wasijue kwamba akisimama ni mwendo unaombeba, wala si ujazo.

2. Urefu

Pengine mtasema, "Basi tuchukue ubao mkubwa kabisa, tuwe salama." Hapana. Lita nyingi zafaa katika maji ya shwari, lakini juu ya mchanga ubao mrefu una hatari zake.

Ubao wa futi 11 na nusu una urefu wa meta 3.5. Wimbi letu la meta 1 linavunjikia penye kina cha meta 1.3. Maana yake, ubao ni mrefu karibu mara tatu kuliko kina cha maji! Wimbi likisimama wima, ubao huo hauwezi kulifuata mkunjo wake; omo hujichoma majini, hugonga mchanga, na mpandaji hurushwa mbele. Ubao mfupi wenye omo iliyopindwa juu huteremka vizuri zaidi, na hugeuka upesi kabla wimbi halijaanguka lote.

Tena fikirini juu ya waogeleaji. Mpandaji hufunga ubao mguuni kwa kamba, na kamba hiyo kwa kawaida hulingana na urefu wa ubao. Akianguka, ubao waweza kufika mbali kwa urefu wa kamba ukiongeza urefu wake wenyewe. Kwa ubao wa meta 3.5 duara la hatari lina nusu kipenyo cha meta 7, na eneo lake ni meta za mraba 154. Kwa ubao wa meta 2.7 nusu kipenyo ni meta 5.4, na eneo ni meta za mraba 92. Watoto wetu wanaogelea katika ghuba hiyo hiyo.

3. Upana

Ikiwa urefu umepunguzwa, mtu atasimamaje? Upana ndio utakaomsaidia. Kwa mbao mbili za urefu mmoja, nguvu ya ubao kukataa kupinduka hufuata upana kwa kipeo cha tatu. Ukitoka inchi 26 mpaka inchi 29, umeongeza inchi 3 tu. Lakini uimara huongezeka karibu mara 1.4. Ndiyo sababu anayejifunza hutafuta inchi 29 hadi 32, na fundi huridhika na chini ya hapo.

4. Kupima ubao usio na maandishi

Waundaji wengi huandika lita juu ya ubao. Zikiwa zimefutika, chukueni kamba ya kupimia. Zidisheni urefu, upana na unene kwa sentimeta, mgawanye kwa 1,000. Hizo ni lita za sanduku. Kwa kuwa ubao umechongwa pembeni na kwenye ncha, chukueni sehemu 6 katika 10 za hesabu hiyo. Ni makadirio tu, lakini yatosha kumzuia mtu asidanganyike.

5. Mfano wa kweli

Likizo iliyopita mzazi mmoja alinijia akasema, "Mwalimu, huyu mwanangu ataka kununua ubao wa mkono wa pili ili ajifunze mawimbi hapa ghubani, na baadaye awafundishe wageni. Fedha ni akiba yake ya likizo mbili, nami nitaongeza zilizopungua. Tumeonyeshwa mbao tatu, na bei ni moja. Sitaki zipotee bure." Kijana mwenyewe ana kilo 60. Tulikwenda sote watatu tukazipima.

Ubao wa kwanza: sentimeta 350 kwa 81 kwa 11.5. Sanduku ni lita 326, na ubao ni kama lita 196, yaani zaidi ya mara 3 ya uzito wake.

Ubao wa pili: sentimeta 229 kwa 66 kwa 9. Sanduku ni lita 136, na ubao ni kama lita 82, yaani mara 1.4 hivi.

Ubao wa tatu: sentimeta 274 kwa 74 kwa 10. Sanduku ni lita 203, na ubao ni kama lita 122, yaani mara 2.

Baba aliupenda ule wa kwanza, kwa kuwa bei ikiwa moja mtu huona afadhali apate kilicho kikubwa. Mwana aliupenda wa pili, kwa kuwa ulifanana na ule wa mafundi. Hesabu iliwapa wa tatu. Wa kwanza ungefaa sana Watamu kwenye maji ya shwari. Wa pili ungemfaa kijana baada ya misimu kadhaa. Walinunua wa tatu, na sasa kijana husimama juu yake, naye bado hajamaliza kujifunza. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

6. Mambo ya kushika

Ubao ufaao haumwokoi asiyejua kuogelea. Jifunzeni hilo kwanza. Kafi ya mawimbini izidi kimo chako kwa sentimeta 10 hivi. Ya maji ya shwari yaweza kuzidi kwa 20. Msiweke ubao kamwe kati yenu na wimbi linalokuja, kwa maana wimbi litawarushia. Mkiwaona waogeleaji, hameni mahali pengine. Wazazi nao wasione haya kuuliza lita kabla ya kuuliza bei.

Maswali ya kujipima

(a) Msichana wa kilo 50 anaanza kujifunza mawimbi. Atafute ubao wa lita ngapi mpaka ngapi?

(b) Ubao una urefu wa sentimeta 290, upana 76 na unene 10. Kadirieni lita zake. Je, wamfaa mwanafunzi wa kilo ngapi anayeanza?

(c) Mmeona wimbi likivunjika penye maji ya kina cha sentimeta 80. Kimo chake kilikuwa kiasi gani?

Majibu yaletwe kwangu katika chumba cha sayansi kabla ya mwisho wa muhula. Asilete mtu jibu tupu. Aonyeshe na njia aliyoipitia.