Mstaafu Mwenye Ulemavu, Jaza Ritani Hata Kama Hudaiwi Ushuru

Kila Juni, foleni za Huduma Centre kote Kenya zinaporefuka, hukosi kukuta wazee wenye mikongojo na viti vya magurudumu wakiuliza swali lile lile: mimi nilistaafu kwa sababu ya ulemavu, pensheni yenyewe ni kidogo, hizi ritani zanihusu nini?

Zinakuhusu, maadamu una PIN ya Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA) iliyosajiliwa kwa ushuru wa mapato. Kusamehewa kulipa ni jambo moja, kusamehewa kujaza ni jingine, na sheria imekupa lile la kwanza tu. Asiyejaza kufikia Juni 30 hutozwa asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa au Sh2,000, kutegemea kilicho kikubwa. Kwa hiyo hata asiyedaiwa senti hupigwa faini ya Sh2,000, sawa na anacholipwa mzee wa mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa mwezi mzima. Miaka mitatu ya kunyamaza ni Sh6,000. Inauma zaidi kwa kuwa wengi walichukua PIN ili wafungue akaunti ya benki tu, wala hawakuambiwa kwamba ilikuja na wajibu wa kila mwaka. Asiye na PIN kabisa, anayeishi kwa hela za Inua Jamii pekee, asisumbuliwe na haya.

Habari njema ni kwamba wastaafu wengi hawana cha kulipa. Tangu Desemba 27, 2024, pensheni kutoka mfuko uliosajiliwa haitozwi ushuru kwa aliyefikia umri wa kustaafu uliowekwa na mfuko huo, wala kwa aliyelazimika kuacha kazi mapema kwa sababu za kiafya. Kabla ya hapo, aliyekuwa chini ya miaka 65 alisamehewa Sh25,000 za kwanza za kila mwezi, zilizozidi zikakatwa.

Mwenye ulemavu ana kinga nyingine: mapato ya hadi Sh150,000 kwa mwezi, yaani Sh1.8 milioni kwa mwaka, hayatozwi ushuru. Lakini kinga hii haiji yenyewe, na hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu si cheti cha msamaha wa ushuru. Kwanza unakaguliwa katika hospitali ya serikali, kisha unasajiliwa na Baraza, halafu unaomba cheti KRA kupitia mfumo wake wa mtandaoni, iTax. Mwenye ritani za nyuma ambazo hazijajazwa azimalize kwanza. Cheti kikitoka, tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa, maana kikiisha bila kuhuishwa, kinga nayo inakoma.

Katika ukurasa wa mwanzo wa fomu ya ritani kuna swali kama una cheti cha msamaha kwa ajili ya ulemavu. Anayekujazia akiwa na haraka huweka "hapana" na kuendelea. Mwambie asimame hapo, aandike nambari ya cheti, tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Kosa jingine ni ritani ya sufuri. Vijana wa saiba huipenda kwa kuwa huchukua dakika chache, lakini ni ya mtu asiye na mapato yoyote. Ukiwa na P9, ile fomu ya mapato na makato ya mwaka kutoka kwa mlipaji wa pensheni, au vyumba viwili unavyopangisha kwa Sh6,000 kila kimoja, sufuri si ukweli. Kodi hiyo ya nyumba ni Sh144,000 kwa mwaka, chini ya Sh288,000 ambapo ushuru wa kila mwezi wa kodi za nyumba huanzia, kwa hiyo huonyeshwa ndani ya ritani ya mwaka.

Tena jaza kwa faida yako. Kama P9 inaonyesha uliendelea kukatwa ushuru baada ya kutimiza miaka 65, au cheti chako kikiwa bado halali, ritani ndiyo mlango wa kudai hela hizo zirudi. Sheria inakupa miaka 5 tangu ulipolipa. Binafsi naona hili ni muhimu kuliko kuogopa faini: pesa ni zako, na bila ritani hakuna atakayekutafuta akurudishie.

Usimwachie mtu wa saiba nenosiri lako, wala usikubali PIN isajiliwe kwa barua pepe yake. Siku akihama, ujumbe wote wa KRA utakwenda kwake. Ofisi za KRA na dawati lao la Huduma Centre husaidia bila malipo. Iwapo huoni vizuri au huwezi kuandika, nenda na mwanao au jirani unayemwamini, naye akusomee kila kilichojazwa kabla ya kutumwa. Kisha omba risiti ya kupokelewa ichapishwe, uihifadhi.

Mfumo wa kujaza ritani hufunguliwa Januari 1. Usingoje foleni za Juni: nenda mapema, ubebe kitambulisho, PIN, P9 na cheti chako cha msamaha.