SOMO LA UFUNDI: TAA NYEKUNDU YA BETRI HAIMSHTAKI DEREVA



Somo letu la safari hii ni kwa madereva, utingo na mafundi wa magari ya mashamba na viwanda. Limetokana na kisa cha shamba moja la chai magharibi mwa Uganda. Lori dogo la wachumaji lilikuwa linarudi kambini jioni, watu wamejaa nyuma, taa zake zikafifia hadi zikazima. Dereva aliambiwa ameua betri, na kwamba bei ya betri mpya itakatwa katika mshahara wake. Betri mpya ikafungwa. Siku ya tatu nayo ikafa. Ndipo fundi alipofungua altaneta akakuta kaboni zimelika hadi mwisho.

Taa ilikuwa imewaka tangu mwanzo, lakini hakuna aliyeuliza inasema nini. Tuulize sisi.

KAZI YA KILA CHOMBO

Betri ni ghala, altaneta ndiyo shamba. Betri hutoa umeme wa kuwashia injini. Injini ikishawaka, altaneta huzungushwa na mkanda, nayo hulisha taa na vyombo vyote, na kurudishia betri kilichotumika. Taa nyekundu yenye picha ya betri huwaka pale ghala linapotolewa bila kuingizwa kitu. Basi taa hiyo inatoa habari za chaji. Haisemi kwamba betri ni mbovu.

Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa hiyo shurti iwake. Injini ikiwaka, izime. Isipowaka kabisa mwanzoni, tusifurahi. Huenda globu imeungua, na katika magari mengi ya zamani altaneta huamshwa na umeme unaopita katika globu hiyo hiyo.

IKIWAKA NJIANI

Egesha mahali salama, zima injini, tazama mkanda. Ukiwa umekatika, usiendelee na safari. Katika magari mengi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, na injini itachemka hadi iharibike. Ukiwa mzima, washa tena, zima redio na kila kisichohitajika, uende moja kwa moja karakana bila kuzima injini, maana huenda isiwake tena. Lakini giza likiwa limeingia, usibebe watu. Taa za mbele zinaweza kukuacha gizani mlimani.

KATIKA KARAKANA

Tupime kwa utaratibu, tukianza na kisicho na gharama.

1. Mkanda. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya magurudumu mawili. Kwa kawaida ubonyee kama sentimita 1 hivi. Ukilegea, kaza. Ukiwa na nyufa au unang'aa kwa kuteleza, badilisha.

2. Vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Safisha, halafu ufunge chanya kwanza, hasi mwisho. Kagua pia waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi na injini.

3. Voltimita. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa ikisoma 12.6 imejaa, ikisoma 12.0 iko karibu kuisha. Injini ikinguruma, isome kati ya 13.8 na 14.5. Kwa lori la volti 24, zidisha mara mbili. Magari mapya yenye kompyuta yanaweza kutofautiana, hivyo fuata kitabu cha gari.

4. Injini ikinguruma na betri bado inasoma 12 na kushuka, pima kwenye nguzo nene ya altaneta. Hapo pakisoma 14, ubovu uko katika waya au fyuzi kubwa iliyo katikati. Hapo pia pakisoma 12, tafuta katika kaboni, regyuleta, dayodi, au waya mwembamba unaoamsha altaneta. Mara nyingi kaboni na regyuleta hubadilishwa bila kununua altaneta nzima. Ikizidi 15, regyuleta imeharibika, nayo inachemsha betri.

5. Chaji ikishakuwa sawa, ndipo betri ijazwe na kupimwa yenyewe.

HADHARI

Wako wanaofungua waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili kujaribu altaneta. Tuache desturi hiyo, kwani huunguza dayodi. Betri hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo sigara na moto vikae mbali. Tuvue saa na pete. Asidi ikiruka machoni, osha kwa maji mengi mara moja, kisha nenda kwa mganga.

TUANDIKE

Dereva akiona taa, aandike katika kitabu cha gari tarehe, saa, na jina la aliyempa taarifa. Fundi aandike volti alizosoma, kabla na baada ya kutengeneza. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, ibara ya 8, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo. Mwakilishi wa tawi akienda ofisini na kitabu chenye namba, anazungumza juu ya kaboni iliyolika, wala haombi huruma.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini betri mpya ya lori lile ilikufa siku ya tatu?
2. Gari linasoma 14.2 kwenye altaneta na 12.1 kwenye betri. Tutafute wapi?
3. Je, kila gari la kazini kwetu lina kitabu chake? Kama halina, nani atakidai, na lini?