Kabla ya Safari: Kumwekea Mtoto Akiba ya Maziwa ya Mama

Mama anayenyonyesha naye husafiri. Anaitwa semina Dodoma, anapigiwa simu usiku kwamba kuna msiba kijijini, anafuata mzigo Kariakoo kwa sababu rafu za duka zimebaki tupu. Mara nyingi mtoto huachwa kwa bibi pamoja na mfuko wa unga wa uji, hata kama ana miezi mitatu tu, kwa kuwa nyumba nzima inaamini mama akiondoka na maziwa yameondoka. Si kweli. Maziwa yanaweza kubaki nyumbani, safi na ya kutosha, ila yanapaswa kuanza kuwekwa wiki kadhaa kabla tiketi ya basi haijakatwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, mpaka atimize miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Safari ya siku tatu haiufuti ushauri huo.

Hesabu inakuja kwanza

Mtoto wa mwezi 1 hadi miezi 6 hunywa kama mililita 700 hadi 800 za maziwa kwa siku nzima, usiku na mchana. Wengine huzidi hapo, wengine hawafiki. Jambo ambalo akina mama wengi hawalijui ni kwamba kiasi hicho hakipandi sana katika miezi hiyo: mtoto wa miezi mitano ni mzito kuliko wa miezi miwili, lakini maziwa wanayokunywa kwa siku yanakaribiana. Kwa hiyo kipimo cha kukumbuka ni kimoja, mililita 30 kwa kila saa utakayokuwa mbali. Mtoto aliyekwisha kuanza kula hupunguza kidogo, lakini ukimwekea kwa kipimo hicho hicho hutakosea.

Tuchukue mfano wa mama muuza vitenge wa Mbeya. Anaondoka Jumatatu saa 12 alfajiri, safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam. Jumanne na Jumatano anazunguka Kariakoo, Jumatano jioni anapanda basi la usiku, Alhamisi saa 12 asubuhi yuko mlangoni kwake. Hizo ni saa 72. Mara 30, ni mililita 2,160. Aongeze kama sehemu moja ya tano kwa ajili ya yatakayomwagika, yatakayobaki kikombeni na basi litakaloharibika njiani, kwenye mlima wa Kitonga. Anahitaji kama mililita 2,600, yaani lita mbili na nusu na kidogo juu.

Lita mbili na nusu zinatisha. Lakini akikamua mara mbili kwa siku, mililita 60 kila mara, anapata mililita 120, na kwa siku 22 kazi imekwisha. Ndiyo maana tunasema uanze wiki nne kabla. Zile siku za ziada ni za kujifunza, maana siku za mwanzo unaweza kukamua nusu saa ukapata vijiko viwili tu vya chakula. Usikate tamaa na usidhani huna maziwa. Titi hutengeneza kulingana na linavyotolewa: likizoea kukamuliwa saa ileile kila siku, baada ya siku chache huongeza. Hukumnyang'anya mtoto chochote. Umeliagiza titi litengeneze zaidi.

Kukamua kwa mkono

Pampu ni nzuri ukiwa nayo, lakini mkono wako unatosha, haununuliwi na hausubiri umeme. Saa nzuri ni asubuhi, baada ya mtoto kunyonya, kwa sababu wakati huo wanawake wengi huwa na maziwa mengi. Wengine hukamua titi moja mtoto akiwa kwenye jingine. Inataka mazoezi, lakini maziwa hushuka yenyewe mtoto anapovuta upande wa pili.

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kaa mahali tulivu, weka kitambaa cha uvuguvugu juu ya titi, likande polepole. Dada au mumeo akikusugua mgongo, maziwa hushuka kwa urahisi zaidi, na hili si porojo: wasiwasi na haraka huyazuia maziwa kutoka, utulivu huyafungulia. Weka kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini yake, kwenye ukingo wa eneo jeusi linalozunguka chuchu. Sukuma vidole kwa ndani kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Sukuma, bana, achia. Usivute chuchu, wala usiburuze vidole kwenye ngozi. Kukamua hakupaswi kuuma. Maziwa yakipungua, zungusha vidole upande mwingine wa titi, au hamia titi la pili kisha urudi. Dakika 20 hadi 30 zinatosha.

Kama umeajiriwa Tanzania, fahamu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kumnyonyesha mtoto wake. Kama nyumbani ni mbali, zungumza mapema na msimamizi wako ili muda huo uutumie kukamua. Kenya nayo, katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, imewataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea na kukamulia. Chumba hicho kisiwe choo. Chakula cha mtoto hakiandaliwi chooni.

Akiba hii huoza

Waswahili husema akiba haiozi. Akiba ya maziwa huoza, isipopata baridi. Hapa ndipo safari nyingi huharibika, basi soma polepole.

Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa saa 4 katika chumba kisichozidi nyuzi joto 25. Wengine watakwambia saa 8, na zipo kadi za mafunzo zenye kiwango hicho kwa mahali penye ubaridi na kivuli. Lakini nyumba ya bati ya Dar es Salaam au Tanga mwezi wa Februari si mahali hapo, nasi tunakuomba ushike saa 4, tena ukiweza usizifikie. Ndani ya friji, kwenye baridi ya nyuzi 4, maziwa hukaa siku 4. Yaweke nyuma kabisa, kamwe si mlangoni, maana mlango ndio unaopata joto kila anayetafuta maji anapoufungua. Kwenye friza inayogandisha sawasawa, nyuzi 18 chini ya sifuri, hukaa vizuri hadi miezi 6.

Friji ndogo ya mlango mmoja, ile yenye kisanduku cha barafu kwa ndani juu, si friza. Humo maziwa yahesabie wiki mbili tu. Kwa mililita 120 kwa siku, wiki mbili hukupa kama lita 1 na mililita 700, nazo zinatosha safari ya kama saa 48. Mwenye friji ya namna hiyo akamue mara tatu kwa siku, au apunguze siku moja ya safari, au aombe nafasi kwenye friza ya jirani anayemwamini. Na kama mtaa mzima hauna friza wala hata friji ya namna hiyo, ni afadhali kusema wazi: akiba ya siku tatu haitawezekana. Nenda na mtoto, ukimchukua bibi au mdogo wako awe naye unapozunguka sokoni. Nauli ya mtu mmoja zaidi ni ndogo kuliko gharama ya kumtibu mtoto wa miezi mitatu anayeharisha.

Tumia vyombo vya kioo au plastiki ngumu ya kuwekea chakula, vyenye mdomo mpana na kifuniko. Chupa za maji ya dukani hazifai; mdomo wake hauoshiki vizuri na plastiki yake haistahimili kuchemshwa. Osha vyombo vyako kwa sabuni, chemsha dakika 10, acha vikauke vyenyewe bila kufutwa kwa kitambaa. Weka mililita 60 hadi 120 katika kila chombo. Ukijaza chombo kikubwa, bibi atayeyusha yote kwa ajili ya mlo mmoja, na yanayobaki yatamwagwa. Acha nafasi ya vidole viwili juu, kwani maziwa hutanuka yakiganda. Bandika tarehe, na yale ya zamani ndiyo yatangulie kutumika. Usimimine maziwa yenye joto la titi juu ya yaliyoganda.

Umeme ukikatika, usifungue friza kuangalia. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kuhifadhi baridi kwa kama siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji ziwe mabonge ya barafu, na nunua umeme wa LUKU wa kutosha kabla ya kuondoka.

Kwa bibi, baba au dada atakayebaki na mtoto

Usiku, toa kwenye friza maziwa ya kesho na uyahamishie kwenye friji yayeyuke taratibu. Yakishayeyuka yote, yatumike ndani ya saa 24, na yasigandishwe tena. Wakati wa mlo, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Usiyachemshe jikoni wala usiyatie kwenye maikrowevu: jiko huua kinga zilizomo, na maikrowevu huacha sehemu nyingine za moto za kumuunguza mtoto mdomo. Utayakuta yamejitenga, mafuta juu na maji chini. Hayajaharibika. Zungusha chombo polepole yachanganyike. Yakinuka kidogo kama sabuni, hiyo ni kawaida ya maziwa yaliyokaa kwenye baridi. Yakinuka uchachu, mwaga.

Tumia kikombe, usitumie chupa. Chuchu ya chupa ni ngumu kusafisha, na mtoto akiizoea anaweza kulisumbua titi mama atakaporudi. Mkalishe mtoto wima mapajani, mikono yake imefungwa kwa kanga. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, kiinamishe mpaka maziwa yaguse midomo, kisha ngoja. Usimmiminie. Mtoto mchanga atayaramba kwa ulimi, mkubwa zaidi atayafyonza. Akifunga mdomo na kugeuka, ameshiba. Yaliyobaki kikombeni yakipita saa 2, mwaga. Akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, anapata ya kutosha.

Haya yote fanyeni pamoja na mama angalau wiki moja kabla hajaondoka, mama akiwa chumba kingine. Watoto wengi hukikataa kikombe wakisikia harufu ya titi karibu.

Maziwa yakipungua kabla mama hajarudi, usianze uji, chai, maji ya sukari wala maziwa ya ng'ombe kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Mama na mhudumu wa kliniki wawe wamekubaliana mapema ni kitu gani atapewa na kitaandaliwaje. Mtoto akikataa kunywa kabisa, akitapika kila kitu, akiwa na homa, akiharisha, akilegea au kupata degedege, mpeleke kituo cha afya hapo hapo. Usimsubiri mama.

Kwa mama aliye safarini

Matiti hayajui kwamba uko kwenye basi. Kamua kila baada ya saa 3, na usiku angalau mara moja. Usipofanya hivyo, siku ya kwanza yatajaa na kuuma, na siku ya tatu maziwa yataanza kupungua. Kaa dirishani, jifunike kanga, tumia kikombe chako. Ukiwa na deli lenye mabonge ya barafu, maziwa hayo hukaa humo saa 24, na nyumba nyingi za wageni hazikatai kukuwekea kitu kwenye friji ukiwaomba kwa adabu. Usipokuwa na barafu, yamwage bila kusononeka. Kazi yake ilikuwa kulinda titi na kulinda yajayo.

Titi likiwa na sehemu nyekundu, ngumu, ya moto, nawe ukapata homa, endelea kuyatoa maziwa na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kulipumzisha titi hilo ndiko kunakoleta jipu.

Mama anayeishi na VVU na kutumia dawa zake vizuri hufuata njia hii hii. Abebe dawa za siku zote za safari na siku mbili juu yake, na amwelekeze atakayebaki na mtoto jinsi ya kumpa dawa yake ya kinga, kama bado anaitumia. Mtoto asinyonyeshwe na mama mwingine, hata kama ni ndugu wa damu, ikiwa mama huyo hajapima na kupata ushauri kliniki.

Ukifika nyumbani, nawa, kaa, mpe titi kabla ya kufungua mizigo. Wapo watakaokwambia ukamue kwanza umwage kwa sababu maziwa yamelala njiani na yamechacha. Maziwa hayachachi ndani ya titi.