Kuazima Hadithi Bila Kuiba

Ukitaka kuandika hadithi ya upelelezi, azima bila woga. Edgar Allan Poe wa Marekani alimleta mpelelezi Dupin mwaka 1841. Arthur Conan Doyle wa Uingereza akachukua wazo la mtu mwenye akili kali na rafiki wa kumstaajabia, akamtoa Sherlock Holmes mwaka 1887, na Dupin anatajwa kwa jina katika kitabu cha kwanza cha Holmes. Kisha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar akamuumba Bwana Msa na kiko chake, akifuatana na mwenzake Najum, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960).

Msome Abdulla uone alichokiacha. Ukungu wa London haumo, wala magari ya farasi. Maiti inakutwa kwenye mzimu, na fumbo linahitaji mtu anayewajua Waunguja: nani ana undugu na nani, siri gani ya ukoo imefunikwa miaka yote. Hapo ndipo pa kujifunzia.

Soma hadithi unayoipenda mara mbili, ufunge kitabu, uandike kwa maneno yako kila sura inafanya kazi gani: hapa msomaji anapewa dalili, hapa anapotezwa njia, hapa shahidi anadanganya. Kiunzi hicho ni cha wote. Usikifungue kitabu tena mpaka rasimu yako iishe, maana sentensi za mwenzio huingia kichwani kimyakimya. Kosa lenyewe litafute kwenu: shamba la mikarafuu linalogombewa, kiwanja kilichouzwa mara mbili, fedha za kikoba zilizotoweka. Ukimaliza, badilisha majina ya watu na mahali. Hadithi ikihamia London bila kupungukiwa kitu, bado hujaifanya yako. Iandike upya.

Kisheria, wazo halina mwenyewe, maneno yanaye. Kutafsiri au kuendeleza kitabu chenye haki miliki kunahitaji ruhusa. Tanzania na Kenya haki hiyo hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Doyle alifariki 1930, kwa hiyo Holmes unaweza kumtafsiri. Vitabu vya Abdulla bado vinalindwa.

Na mtaje uliyemwazima, kwenye dibaji au shukrani. Wasomaji wa hadithi za upelelezi wamezoea kufuata nyayo. Watagundua tu, na ni heri wasikie kwako kwanza.