MASHINE KUUKUU YA MASHUA

Kabla ya kusoma somo hili, someni kwa sauti maneno haya: mashine, petroli, oili, mchanganyiko, plagi, cheche, kabureta, platini, propela, pini.

Ndugu mwanakisomo, fikiri mashua imetoka Kilindoni, kisiwani Mafia. Inakwenda Nyamisati. Imebeba watu saba na samaki ndani ya barafu. Katikati ya njia mashine inazima. Nahodha anavuta kamba mara kumi, mara ishirini. Mashine haiwaki. Kusi inavuma na kuisukuma mashua kaskazini, nje ya njia yake. Barafu inayeyuka. Jua linakwenda kuzama.

Mara nyingi mashine hiyo haijafa. Imekosa kitu kidogo tu. Ugonjwa wa mashine kuukuu si uzee peke yake. Ugonjwa wake mkubwa ni kuvutwa kamba bila kuchunguzwa.

Mashine hizi zina historia ndefu. Huko Marekani, Ole Evinrude, aliyezaliwa Norwei, alianza kuuza mashine zake za mashua mwaka 1909. Baadaye Waingereza walitengeneza Seagull, ambayo kamba yake huzungushwa kwa mkono juu ya gurudumu la mashine kila inapowashwa. Seagull hazitengenezwi tena. Hata hivyo mashine kuukuu ya aina hiyo inaweza kufanya kazi, kwa sababu ni mashine rahisi. Anayejua kusoma na mwenye spana tatu anaweza kuielewa.

Mashine inataka nini?

Ili iwake, mashine inataka mambo matatu: petroli, cheche na mgandamizo. Ili isiungue, inataka maji ya kuipoza. Mashine ikikataa, chunguza mambo haya moja baada ya jingine. Usifungue kila kitu kwa siku moja, maana utashindwa kujua kosa lilikuwa wapi.

Petroli na oili

Mashine nyingi kuukuu hazina mahali pa kutia oili ya injini. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Oili hiyo ndiyo inayolainisha pistoni. Ukitia petroli tupu, pistoni itakwama, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia kwa bei ndogo.

Kiasi cha oili hutegemea mashine. Mashine nyingi kuukuu hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 25 za petroli. Nyingine, hasa zilizokuja baadaye, hutaka 1 kwa 50. Seagull za zamani zilitaka 1 kwa 10. Soma kitabu cha mashine yako, au maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha tangi. Hapa ndipo kisomo kinapolipa.

Tufanye hesabu. Una petroli lita 10. Mashine inataka 1 kwa 25. Lita 10 ni mililita 10,000. Gawanya kwa 25. Jibu ni mililita 400. Kama mashine inataka 1 kwa 50, jibu ni mililita 200. Tumia chupa yenye alama za kipimo. Usipime kwa jicho. Tia kwanza petroli kidogo, kisha oili yote, tikisa, halafu ongeza petroli iliyobaki na utikise tena.

Petroli ikae mbali na sigara, jiko na karabai. Usijaze tangi wakati mashine inanguruma.

Maji ndani ya petroli ni adui mwingine. Tia petroli kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini. Ukiona mstari chini ya chupa, petroli hiyo ina maji. Usiitie katika mashine.

Skrubu ndogo ya kifuniko

Sikilizeni mazungumzo haya ya nahodha kijana na fundi mzee.

– Shikamoo mzee.

– Marahaba, mwanangu. Mashine imekufanya nini leo?

– Inawaka vizuri, mzee. Ikienda dakika kumi inazima. Nikipumzika kidogo, inawaka tena. Nimenunua plagi mbili mpya, lakini wapi!

– Ile skrubu ndogo juu ya kifuniko cha tangi, unaifungua?

– Skrubu gani, mzee?

– Basi plagi zako weka akiba. Twende ufukweni.

Kwa nini fundi aliuliza hivyo? Petroli ikitoka katika tangi, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa huingia kwa tundu la kifuniko. Skrubu ikifungwa, hewa haiingii. Baada ya muda petroli inakataa kushuka, na mashine inazima kwa njaa ingawa tangi limejaa. Ukingoja, hewa kidogo hupenya na mashine huwaka tena. Jaribu nyumbani: jaza maji katika dumu, toboa tundu moja dogo chini, kisha funga kizibo. Maji yataacha kutoka. Fungua kizibo, yatatoka.

Fungua skrubu hiyo kila unapoanza safari. Ifunge unapobeba tangi.

Kama skrubu iko wazi na mashine bado inazima, tazama kichujio cha petroli na mpira wake. Mpira mkuukuu hupasuka na kuvuta hewa. Halafu tazama kabureta. Funga petroli, fungua kikombe cha kabureta na ukisafishe kwa petroli safi. Ndani kuna tundu jembamba sana. Wengi hulizibua kwa waya. Hilo si jambo zuri, kwa sababu waya hulipanua tundu, na mashine itakula petroli kupita kiasi. Lisafishe kwa petroli na pumzi ya pampu ya baiskeli.

Uchafu huo hutoka wapi? Mara nyingi ni petroli ya zamani iliyoachwa ndani ya kabureta. Petroli huruka hewani na oili hubaki kama gundi. Kama mashine haitatumika kwa wiki kadhaa, funga petroli iache ingurume, majini au katika pipa la maji, mpaka izime yenyewe.

Cheche

Ng'oa plagi uitazame. Plagi yenye rangi ya kahawia ni nzima. Plagi iliyolowa petroli inaonyesha kwamba petroli imefika lakini haikuwaka. Plagi nyeusi yenye mafuta huonyesha oili nyingi, au choki iliyofungwa muda mrefu. Plagi nyeupe kabisa ni hatari: mashine inapata joto kupita kiasi.

Ili kuona cheche, funga petroli kwanza na ufute iliyomwagika. Rudisha plagi katika kofia yake. Gusisha chuma cha plagi kwenye chuma cha mashine, mbali na tundu ilimotoka. Shika kofia ya mpira, si chuma. Mwenzako avute kamba. Fanya hivyo kivulini, maana juani cheche haionekani. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Ikiwa ya manjano na dhaifu, au haipo, jaribu plagi mpya.

Plagi mpya ikishindwa, tazama platini chini ya gurudumu la juu. Unyevu wa bahari huzifanya ziote ukungu wa kutu. Nafasi kati yake zinapofunguka kabisa ni karibu nusu milimita katika mashine nyingi za aina hii. Zisugue taratibu kwa msasa laini sana, halafu zifute kwa karatasi safi, kavu. Lakini kuliondoa gurudumu hilo kunataka chombo chake maalumu. Usiligonge kwa nyundo. Kama huna chombo hicho, kazi hii mwachie fundi.

Mgandamizo ni rahisi kuupima. Plagi ikiwa mahali pake, vuta kamba polepole. Mkono wako lazima usikie kama kitu kinakuzuia. Kamba ikija laini kabisa, huenda ringi za pistoni zimekwisha au zimekwama kwa masizi. Hiyo pia ni kazi ya fundi.

Maji ya kupoza na mguu wa mashine

Ndani ya mguu kuna pampu yenye gurudumu dogo la mpira. Huvuta maji ya bahari na kuyapeleka juu kupoza injini. Mashine nyingi hutoa mstari wa maji nyuma, nawe unaona kwamba pampu inafanya kazi. Mstari huo ukikatika, zima mashine mara moja. Pengine mwani au mfuko wa plastiki umeziba njia ya maji. Mpira huo huliwa na mchanga, hasa kwa wanaowasha mashine maji yanapokupwa. Ubadilishwe kila mwaka hata kama unaonekana mzima. Usiwashe mashine nchi kavu, hata kwa kujaribu. Tumia pipa la maji.

Ukirudi kutoka baharini, inguruma mashine dakika chache katika pipa la maji ya kisima. Chumvi ikikauka ndani huziba njia za maji na kula chuma.

Mguu una oili yake ya gia. Ifungue uitazame. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mpira unaozuia maji umekwisha. Oili mpya huingizwa kwa tundu la chini mpaka itokee tundu la juu. Ukiingiza kwa juu, hewa itabaki ndani na oili haitajaa.

Sasa pini ya propela. Katika mashine nyingi ndogo, propela imeshikwa na pini laini. Propela ikigonga mwamba, pini hukatika na gia hupona. Wako watu wanaochoka na pini kukatika, wakaweka msumari mgumu. Siku ikigonga, msumari haukatiki. Zinazokatika ni gia. Pini ni ya bei ndogo. Chukua tatu za akiba, pamoja na plagi, koleo na spana, katika mfuko usioingiza maji. Na hata kama mashine yako haijakuudhi mwaka mzima, usiache tanga nyumbani, wala kasia, wala maboya ya kujiokolea.

Daftari la mashine

Fundi hawezi kukumbuka kila kitu, wala wewe. Nunua daftari. Andika kwa maneno machache, kama hivi:

3 Machi. Petroli lita 10, oili mililita 400. Safari nzuri.
9 Machi. Imezima mara mbili. Kichujio kilikuwa kichafu. Nimesafisha.
20 Machi. Plagi mpya.
2 Aprili. Mpira mpya wa pampu ya maji.
15 Aprili. Oili ya gia nyeupe. Imepelekwa kwa fundi.

Daftari likikaa miezi sita, utaona mambo usiyoyaona kwa macho. Kama plagi inakufa kila wiki tatu, kosa si la plagi. Kama mashua ni ya watu watano, daftari litaonyesha nani alitia oili na kiasi gani, na ugomvi utapungua.

MASWALI

1. Mashine inataka mambo gani matatu ili iwake?
2. Kwa nini mashine ya nahodha kijana ilizima baada ya dakika kumi?
3. Petroli ni lita 20. Mashine inataka oili 1 kwa 50. Tia mililita ngapi? Kama inataka 1 kwa 25, je?
4. Katika kijiji chenu, mashine ya mwisho kuharibika baharini iliharibika kwa nini? Jadilini.
5. Andika katika daftari lako habari za safari moja ya mashua: tarehe, petroli, oili na jambo lililotokea.