KWA NINI BATI HULIWA NA KUTU?

Mji wa Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Muleba nako mvua si haba. Umeuza kahawa, umeezeka bati linalong'aa. Miaka inapita, bati linakuwa jekundu, mwisho linatoboka. Kwa nini?

Bati ni chuma. Chuma kina chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Kila atomi ya chuma ina protoni 26 zenye chaji chanya, na elektroni 26 zenye chaji hasi. Zinalingana.

Bati likilowa, maji na hewa huifanya atomi itoe elektroni 2. Tupige hesabu: 26 toa 2, zinabaki 24. Lakini protoni bado ni 26. Chanya zimezidi. Atomi hiyo sasa ni ioni chanya. Huachana na bati, huungana na maji na hewa, ikawa kutu.

Ndiyo maana kiwandani bati hupakwa zinki. Zinki hutoa elektroni zake kwanza, chuma kikasalimika. Zinki ikiisha, zamu ni ya chuma.

Basi, ondoa majani yanayoozea juu ya paa, maana yanashika maji. Ukiona kutu, isugue, upake rangi mapema.

Swali: Atomi ya zinki ina elektroni 30. Ikitoa 2, zinabaki ngapi?